Marika Manne Chini ya Paa Moja

Baba yangu alipohamia kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, katikati ya mwaka 2022, nyumba yetu ya kupanga ilikusanya watu wa marika manne: yeye aliyekuwa na miaka 72, mimi na mume wangu tuliokuwa tumevuka 40, kijana wetu wa miaka 15, na kitinda mimba wetu ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Ninawaandikia wale walio njiani kumleta mzazi mjini ilhali bado wanalea. Kwetu jambo hili hufanywa haraka, mara nyingi baada ya matanga, na watu huzungumzia nauli, godoro na dawa bila kugusia kile ambacho kila mtu wa nyumba hiyo anakitafuta maishani kwa umri alio nao.

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini ya shule ya msingi. Chuoni tulifundishwa nadharia ya mwanasaikolojia Erik Erikson kuhusu hatua za maisha, na kama walimu wengi niliikariri kwa ajili ya mtihani, nikatumia darasani ile sehemu ya watoto wa miaka sita na saba, kisha sehemu inayohusu watu wazima na wazee ikalala daftarini. Erikson alizaliwa Ujerumani mwaka 1902, hakumjua baba aliyemzaa, hakupata shahada yoyote ya chuo kikuu, alijifunza kazi yake ya uchambuzi wa nafsi Vienna chini ya Anna Freud, binti ya Sigmund Freud, na mwaka 1933 akahamia Marekani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950 aliyagawa maisha katika hatua nane, na katika kila hatua akaonyesha mvutano ambao mtu hana budi kuukabili: mtoto mchanga yuko kati ya kuamini na kutoamini, anayejifunza kutembea yuko kati ya kujitawala na kuona haya, na hivyo hivyo hadi mzee, aliye kati ya kuyakubali maisha yake jinsi yalivyokuwa na kukata tamaa. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi huo wa nafsi, aliuweka uzito mkubwa katika miaka ya utoto, na hata sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Erikson hakuupuuza utoto, ila alishikilia kwamba mtu huendelea kukua mpaka mwisho wa uhai wake, kwa hiyo mzee wa miaka 72 ana kazi ya kukua iliyo mbele yake kama vile mtoto wa miaka miwili alivyo nayo. Hilo ndilo lililonirudisha kwenye daftari langu la chuo.

Mama alifariki mwaka 2021, nyumbani Wundanyi, Taita. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli tangu 2005, na katika miaka yote iliyofuata alikuwa mtu wa watu: mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa kanisa, mkulima wa kabichi ambaye majirani walimwendea kuuliza siku ya kuhamisha miche. Mwanzoni mwa 2022 aliteleza kwenye matuta ya shamba akavunjika kifundo cha mkono. Sisi watoto tulipigiana simu, na kabla ya bendeji kutolewa tulikuwa tumekwisha kuamua kwamba aje Nairobi kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na hospitali kubwa. Yeye alijulishwa uamuzi, hakuulizwa. Alikubali kwa upole ambao tuliudhania kuwa shukrani.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizito. Tulikaa ghorofa ya tatu, naye alikuwa akizihesabu ngazi kwa sauti. Kijana alimwachia babu yake chumba na kulala sebuleni. Mezani Baba alinyamaza, au alijibu jambo ambalo hakuna aliyemwuliza, kisha akawa anakula mapema peke yake ili asitusumbue. Nilipomwuliza anajisikiaje alisema, “Msihangaike mwanangu, mimi nangoja tu.” Dada yangu alisema ni majonzi ya Mama. Kliniki moja ya mtaani ilitwambia ni uzee tu, ikampa vitamini. Nami, nikiwa na daftari langu mkononi, niliona kukata tamaa kule kule alikokueleza Erikson, nikaanza kumshawishi azungumze kuhusu maisha yake, na kila nilipojaribu alizidi kujikunja.

Mwalimu mwenzangu, ambaye mama yake aliwahi kupitia hali kama hiyo, ndiye aliyeniuliza kama Baba ananisikia. Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, kipimo cha usikivu kikatugharimu shilingi 3,500, na majibu yakaonyesha kwamba masikio yote mawili yalikuwa yamepungua nguvu sana, hasa kwa sauti nyembamba. Daktari alieleza kwamba miaka ya nyundo na mitambo karakanani huua vinyweleo vidogo vya sikio la ndani, navyo vikishakufa haviwezi kuota tena, na kwamba sauti za wanawake na za watoto ndizo hupotea mapema. Mzee husikia kwamba mtu anazungumza lakini hayapati maneno. Hapo tukaelewa kwa nini alimjibu mume wangu vizuri na mimi akanijibu kombo. Kifaa cha kusaidia kusikia cha sikio moja kiligharimu shilingi 68,000, na tulilazimika kukopa chamani. Sikio la pili lilingoja hadi mwaka uliofuata.

Nimeeleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo ambalo ningependa msomaji alishike kwanza. Nadharia ya hatua za maisha ina mvuto, nayo humfanya mtu aone nafsi iliyovunjika mahali ambapo kuna sikio lisilosikia, jicho lenye mtoto wa jicho, dawa ya presha inayoleta usingizi, au sonona ambayo ni ugonjwa unaotibika na haupaswi kuitwa uzee. Mzee akibadilika tabia, pimeni mwili kwanza: masikio, macho, sukari, presha, na orodha ya dawa zote anazomeza. Mkishamaliza hayo ndipo mzungumzie mambo ya moyo, na daktari akisema “ni uzee tu” bila kumgusa, tafuteni mwingine.

Baada ya kusikia tena, mtu wa kwanza aliyemrudisha Baba kati yetu alikuwa binti yangu mdogo. Yeye alikuwa katika ile hatua ya pili ya Erikson, ambapo mtoto hugundua kuwa ana mapenzi yake mwenyewe na hutaka kila kitu akifanye kwa mikono yake. Kila asubuhi kulikuwa na vita mlangoni. Mimi nilitakiwa kuwa shuleni kabla ya gwaride, naye alitaka kuvaa viatu bila kusaidiwa. Nilivishika vile viatu nikamvisha kwa nguvu, naye akavivua akilia, na siku yangu yote ikaanza hivyo. Asubuhi moja Baba alivuta kigoda akaketi mlangoni, akaniambia niende zangu. Jioni mama anayetusaidia kazi za nyumbani alinisimulia. Mtoto alichukua kiatu cha kushoto akakitia mguu wa kulia. Baba akatazama bila kusema. Akakivua, akakigeuza, akakitia tena. Kamba ya gundi ikashika soksi badala ya kiatu. Akaivuta, ikashika vibaya, akaivuta tena huku akihema. Baba alishika tu ukosi wa kiatu usijikunje kisiginoni, wala hakufanya kingine. Ilipokwisha alimwita kwa jina la marehemu mama yangu, ambalo ndilo alilopewa, akamwambia, “Mchumba, leo umejivisha.” Kuanzia hapo kazi ya viatu ikawa ya Babu.

Nilifikiri sana juu ya kigoda kile. Mimi nilijua vizuri kuliko Baba kwamba mtoto wa umri huo akinyang’anywa jaribio lake hujifunza kuona haya na kuutilia shaka uwezo wake. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwenye mikutano ya wazazi. Lakini sikuwa na muda, na subira haipatikani kwa kujua. Baba alikuwa na muda ambao yeye mwenyewe aliuona mzigo. Erikson aliandika kwamba mizunguko ya maisha ya vizazi husukumana kama magurudumu yenye meno, umri mmoja ukiuzungusha mwingine, na mimi niliposoma maneno hayo chuoni niliyapita. Sasa niliyaona mlangoni pangu: hitaji la mtoto la kusubiriwa lilikutana na hitaji la mzee la kuhitajika. Tangu wakati huo, kila palipozuka ugomvi nyumbani nilijiuliza ni nani ananyimwa kazi ya umri wake, na ni nani mwingine humu anayeweza kumpa.

Kwa kijana mambo hayakuwa mepesi. Alikuwa Kidato cha Pili, na mwishoni mwa mwaka alipaswa kuchagua masomo ya kuendelea nayo. Mume wangu na mimi tulikuwa tumemtengenezea udaktari tangu akiwa shule ya msingi, na ndugu zetu wote walimwita daktari. Ghafla akataka kuacha baiolojia, akafuga nywele, akaacha kwenda kanisani nasi akidai anasali na marafiki zake Donholm, na akawa anatujibu kwa Sheng, lugha ya vijana wa mjini, tena ya haraka, ambayo babu yake hakuifahamu hata kwa kifaa. Watu walituambia ameharibika.

Erikson aliiona miaka hii kuwa wakati wa kutafuta utambulisho, na akatetea haja ya kijana kupewa muhula wa kujaribu bila kufungwa. James Marcia, mwanasaikolojia aliyeifanyia nadharia hiyo utafiti na kuchapisha mwaka 1966, alionyesha hali nne ambazo kijana anaweza kuwamo, na mojawapo ni ya yule anayeshika njia aliyopangiwa na wakubwa bila kuwahi kuichunguza. Kijana wa namna hiyo huonekana mtulivu, hawapi wazazi taabu, na kwa macho ya mtaa ndiye mtoto mwema. Mwanangu alikuwa hivyo mpaka Kidato cha Pili. Vurugu tuliyoiona ilikuwa ni yeye akiifungua njia tuliyomfungia, na kusema kweli iliniuma, kwa kuwa udaktari ule nilikuwa nimeuota mimi.

Kilichotusaidia ni mambo machache tu. Tuliacha kumwita daktari, tukawaomba na ndugu waache. Tulikubaliana yasiyojadiliwa, yaani saa ya kurudi nyumbani, heshima kwa Babu na kutokunywa pombe, na hayo mengine, nywele zikiwamo, tukayaachia. Mume wangu alimpeleka kwa watu wa kazi mbalimbali awaulize wenyewe, kwa sababu kijana hawezi kuchagua kazi ambayo hajawahi kuona mtu akiifanya. Tulikwenda pia kwa mshauri nasaha aliyetutoza shilingi 3,000 kwa kila kikao. Kijana alinyamaza vikao vya mwanzo vyote, na nilijuta kwa fedha ile, lakini baadaye alianza kumwendea peke yake. Alichukua fizikia na jiografia. Leo anasomea upimaji ardhi katika chuo cha ufundi, na babu yake, ambaye alitamani awe fundi mitambo, hajalifurahia hilo hadi sasa.

Hata hivyo hao wawili walikuwa wamekaribiana kwa njia ambayo sikuipanga. Wakati wa likizo moja nilimtuma kijana ampeleke babu yake Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu ya Nairobi, nami nikaungana nao baadaye. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Baba ndiyo kwanza ameanza kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, miaka michache kabla shirika hilo halijavunjika mwaka 1977. Niliwakuta uani mbele ya injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya zile 34 zilizojengwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, mashine yenye uzito wa zaidi ya tani 250. Kijana alikuwa ametoa simu anarekodi. Baba alikuwa amepitisha mkono chini ya bamba moja, ananyoosha vidole kutafuta kitu ambacho macho hayakioni, akasema mahali pale palikuwa na nati iliyokuwa ikilegea safarini, na kwamba ili kuikaza ilikubidi ulale chali kwenye makaa yaliyo bado na moto. Sauti yake ilikuwa ile niliyoikumbuka utotoni. Kijana aliuliza maswali ambayo mimi katika miaka yangu yote sikuwahi kuuliza: alilipwa kiasi gani, nani alimfundisha, aliogopa nini.

Kuanzia siku hiyo simulizi zilianza kutoka, na hazikuwa tamu zote. Mwaka 1963 daktari wa akili Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba wazee kurudia-rudia yaliyopita, jambo ambalo wengi waliliona dalili ya akili kuchoka, ni kazi ya lazima ya kuyapitia maisha kabla ya kuondoka. Baba alipofika kwenye miaka ambayo sisi tulikuwa wadogo, alieleza jinsi alivyokuja Wundanyi likizo tu, jinsi Mama alivyotulea na kulima na kuuguza wakwe peke yake, na kwamba alipostaafu alikuta mke ambaye alikuwa amezoea kukata kila shauri bila yeye. Alisema, “Nilimwahidi tukizeeka tutakaa, na tulipokaa hatukujua la kuzungumza.”

Kila mtu mezani alitaka kumwambia kwamba hayo yamepita, kwamba alikuwa akitutafutia riziki. Ni kweli alikuwa akitutafutia. Lakini nilimwona kijana akinyamaza na kusubiri, na Baba akaendelea mpaka akafika mahali alipotaka kufika, nako ni kwamba miaka yao kumi na mitano ya mwisho walikuwa wamejifunza kupanda kabichi pamoja. Anayeharakisha kufariji humkatiza mzee kazi yake. Kuyakubali maisha hakumaanishi kuyaona yote mazuri. Mtu huyatazama pamoja na majuto yake, akakiri kwamba ndiyo aliyoyaishi na hana mengine. Msikilizaji hapaswi kusahihisha wala kutetea, na akiweza aulize swali moja la kweli kisha anyamaze. Pia asilazimishe: wapo wazee ambao kumbukumbu zao ni jeraha, na kwao ni heri awepo mshauri aliyesomea.

Umri wangu mwenyewe niliukumbuka mwisho. Hatua ya saba, ya watu wa makamo, Erikson aliiona kuwa ya kulea na kukuza kinachofuata, iwe ni watoto, wanafunzi au kazi, na kinyume chake ni kudumaa, pale mtu anapojishughulikia yeye tu. Mimi nilikuwa nikilea kuanzia alfajiri hadi usiku, nyumbani na darasani, na bado nilikuwa ninadumaa. Nilikuwa nimeacha kwaya, nilikuwa nimeahirisha masomo ya shahada, na nilianza kuwachukia kwa siri watu niliokuwa nikiwaogesha na kuwalisha. Nionavyo mimi, nadharia haikulipa uzito wa kutosha jambo hili, kwamba kulea bila kupokezana humla mlezi, na katika miji yetu mlezi huyo mara nyingi ni binti au mkamwana. Dawa yake ilikuwa ni fedha na ratiba kuliko mawaidha.

Basi niliwaita ndugu zangu kwa simu ya pamoja nikawasomea gharama zote za mwezi, kuanzia tofauti ya kodi baada ya kuhamia nyumba ya chini hadi dawa, nepi za usiku na betri za kifaa cha sikio ambazo humalizika kila baada ya wiki moja au mbili. Kabla ya hapo kila mmoja alituma alichoguswa kutuma. Tuliweka kiwango kwa kila mmoja kulingana na kipato, na asiye na fedha akatoa siku zake: kaka yetu mdogo humchukua Baba wiki mbili kila likizo ya shule. Palizuka pia pendekezo kwamba kadi ya benki ya pensheni ya Baba ikae kwangu ili kurahisisha mambo. Alikataa, na mimi nikamuunga mkono. Ananunua maziwa ya nyumba nzima kwa pensheni yake, na mtu anayenunua maziwa si mgeni katika nyumba hiyo. Ikumbukwe vilevile kwamba bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali hapa Kenya, mwezi Oktoba 2024, humhudumia mchangiaji, mwenzi wake na watoto wake. Mzazi anajiandikisha kivyake na kulipiwa kivyake, na ni vyema kukamilisha hilo kabla hajaugua.

Baba sasa yuko katikati ya miaka ya sabini, na ninaona mambo ambayo Joan Erikson, mke wa Erik, aliyaeleza katika sura alizoziongeza kwenye kitabu cha mumewe mwaka 1997 baada ya mume huyo kufariki. Aliongeza hatua ya tisa, akasema kwamba katika uzee mkubwa mivutano ya awali hurudi yote, ukiwamo ule wa kwanza wa kuamini, kwa kuwa mzee hawezi tena kuuamini hata mguu wake. Baba hushika ukuta akienda msalani. Tumefunga vyuma vya kushikilia, tumeondoa mkeka uliokuwa ukiteleza, na taa ya ushoroba haizimwi usiku. Anapoomba kusindikizwa tunamsindikiza, asipoomba tunamwacha, hata ikichukua muda.

Mwaka uliopita alitaka kwenda Wundanyi msimu wa mvua za vuli. Ndugu wawili walipinga kwa sababu ya matuta. Safari hii tulimwuliza yeye, akatupa masharti yake: fimbo, kijana wa jirani wa kulima kwa malipo, simu saa mbili kila usiku, na asiambiwe lini arudi. Amekwenda, amerudi baada ya kuuza kabichi, na anataka kwenda tena. Yule binti wa viatu, ambaye sasa anasoma shule niliyo mimi, ameomba kumfuata likizo ya Desemba, na Baba amekwisha kumtengea tuta moja.